Sigara Moja, Midomo Miwili

Bunia, 2 Aprili 2002

Mvua imefika jana bila kubisha hodi, na leo tumeweka ndoo chini ya bati kila mahali. Ninaandika kwa sababu Lucien, mume wangu, ameniomba kwa foni, ile redio ya kuitana, kutoka Butembo: andika mambo ya atelier, karakana yetu, nikirudi nisome mwenyewe. Alikwenda kununua sponji, barabara ikaharibika nyuma yake, kwanza kwa matope, kisha kwa watu wenye silaha. Basi atelier imebaki mikononi mwangu pamoja na wasiwasi wake wote.

Tunatengeneza salon, seti nzima za viti vya mbao na mito yake, kwa wale ambao bado wana moyo wa kununua viti siku hizi. Wafanyakazi ni watatu. Fiacre anakata na kuunga mbao. Vital anabandika sponji kwa kole, ile gundi kali, na kuvika vitambaa. Joséphine anashona vitambaa hivyo kwa mashini. Mimi nasimamia na kupiga kelele.

Jambo moja nalisema mapema. Majina ya makabila yao sitayaandika humu, daftari halina kufuli. Nitasema watu wa Vital na watu wa Fiacre, inatosha. Hao ndio wanaouana huko Djugu, na sasa moto unateremka polepole kuja mjini. Joséphine ni wa upande wa Vital, na mtaa huu wetu ni wa upande wao. Fiacre ni mtu wa Kpandroma, amebaki hapa karibu peke yake. Sisi Wanande tuko katikati, yaani tunaogopa pande zote mbili.

5 Aprili

Mvua. Mbao hazikauki.

9 Aprili

Nimekasirika kabla ya chai. Ndani ya atelier sigara ni marufuku, kwa sababu cheche moja ikigusa kole, tutafika mbinguni na viti vyetu. Kwa hiyo wavutaji wanatoka nje, kwenye benchi kando ya barabara. Wavutaji ni Vital na Fiacre. Wanatoka pamoja na wanarudi pamoja, na wanawasha sigara moja tu. Vital anavuta, anampa Fiacre. Fiacre anavuta, anairudisha. Inakwenda na kurudi mpaka inawachoma vidole, na kila apitaye anawasalimia. Huku ndani nyundo iko kimya na kole inakauka kwenye brashi.

Joséphine akasimamisha mashini, akaja mbele yangu na mikono kiunoni. Ni mke wa Bruno, shemasi wa kanisa letu, na tangu aokoke hajawahi kumeza neno lake.

"Mama Kahindo, mi niko na swali. Benye kuvuta banatoka mara ine, mara tano. Mi mwenye sivutake, poze yangu iko wapi?"

"Utapumzika kwa ajili gani, na wewe huvuti?"

"Njo hiyo nasema! Zambi yabo inabapa repo, wokovu yangu inanipa kazi."

Vital alicheka sana. Vital hucheka vizuri, hata ukiwa umemkasirikia unajikuta unatafuta kicheko chako mwenyewe. Mimi sikucheka. Joséphine ana haki, na hilo ndilo linaloniudhi, kwamba mwenye haki awe yeye.

15 Aprili

Nilifikiri Jumapili nzima, mahubiri yote yalipita kando yangu. Leo nimetoa sheria. Kila mmoja ana poze mbili, saa nne na saa tisa, anayevuta na asiyevuta sawa. Na watatoka kwa zamu, mmoja mmoja, ili kazi isisimame. Nimeiandika kwenye kartoni na kuitundika mlangoni.

"Mama, sasa umekuwa État," akasema Vital, akapiga saluti kama mbele ya Serikali.

Joséphine aliisoma mara mbili, akitafuta kosa, hakuliona.

Fiacre alingoja wenzake warudi kwenye kazi. Ni mtu wa maneno machache, mkubwa wa mabega, anayeomba kitu kama vile anakurudishia. "Mama, utuache siye babili pamoja. Ata poze moya tu, lakini pamoja."

"Fiacre, mkitoka wawili kazi inasimama mara mbili. Haki ni haki."

Akaangalia barabarani, akasema, "Sawa, Mama."

20 Aprili

Inakwenda vizuri ajabu. Viti vya mteja wa Shari vimekwisha kabla ya wakati. Lucien amenisifu kwa foni mpaka mwenye foni akacheka. Saa nne ya zamu yake, Joséphine anakaa kwenye benchi na mkoba wake mapajani, mgongo wima, anapumzika kwa nguvu kama mtu aliyetumwa kupumzika. Nilisema moyoni, Kahindo, ungekuwa gavana nchi hii ingepona.

26 Aprili

Joséphine amekuja na neno jingine. "Ule Fiacre hajue kuvuta. Anapuliza tu. Mi nimemuona."

Nilitoka kuangalia. Kweli, Fiacre alikuwa peke yake kwenye benchi, sigara mkononi, moshi unamwingia machoni na anakohoa kama mtoto mwenye surua. Nikamwita. Nilidhani amekuwa akinidanganya ili apate kupumzika, na nilikuwa tayari kumfokea.

"Fiacre, wewe unavuta au huvuti?"

Akazungusha kofia mikononi. "Mama, mi sivutake. Mi navutaka na Vital."

Nikamwambia hilo si jibu. Akasema hana lingine.

3 Mei

Mvua kubwa. Watu wanaingia mjini kwa miguu kutoka upande wa Djugu, na magodoro vichwani yamelowa, yanawainamisha. Nimewapa chai mpaka sukari ikaisha.

7 Mei

Kaka yake Vital ameuawa upande wa Kilo, na ng'ombe wake wamechukuliwa. Waliofanya ni watu wa upande wa Fiacre. Vital alipata habari akiwa na brashi ya kole mkononi. Aliiweka chini taratibu, akatoka. Fiacre alimfuata hadi mlangoni, akasema "Pole, ndugu." Vital hakugeuka. Labda hakusikia, mvua ilikuwa inapiga bati.

Ninataka kuamini kwamba hakusikia.

12 Mei

Leo nimejua nilichofanya.

Baada ya ibada Joséphine alinivuta kando ya ukuta wa kanisa. Akaniambia vijana wa upande wao wanaokaa kwenye barieri ya pembeni, kizuizi cha barabara, wenye mapanga, wamemwuliza: Vital na Fiacre wamekosana lini?

"Nimebajibu hawajakosana. Banasema ni bongo, nabadanganya. Zamani tulikuwa tunabaona kila siku, sigara moya, midomo mibili. Mutu anatoa kitu mu kinywa yake, anamupa nani? Anamupa ndugu yake. Njo maana hatukumugusa. Sasa kila mutu anavuta peke yake. Banasema Vital amemutupa."

"Ni mimi niliyewatenganisha! Ni sheria ya poze!"

"Mama, mu barabara hakuna mwenye anasoma kartoni yako."

Nilikaa kwenye jiwe. Mwaka mzima Fiacre alikuwa anameza moshi asioupenda, mbele ya macho ya watu, na huo moshi ulikuwa ndio kibali chake cha kuishi mtaani. Nami nikamnyang'anya kwa jina la haki. Ninaogopa. Naandika tena ili nilione neno lenyewe: ninaogopa.

13 Mei

Nimeichana kartoni. Nimesema wavutaji watoke pamoja kama zamani, na Joséphine apate poze zake kama kawaida. Hakulalamika. Vital bado yuko matangani.

20 Mei

Vital amerudi, amekonda, ndevu hazijanyolewa. Saa nne nikamwambia kwa sauti ya kawaida, nenda nje na Fiacre, sheria imekwisha.

Hakuinua macho kutoka kwenye sponji. "Hapana, Mama. Sheria yako ilikuwa muzuri. Kila mutu na zamu yake."

"Vital, unajua maana yake."

"Najua. Na bale bananiangalia, bo pia banajua. Banasema, kaka yako hajaoza, weye unanyonya sigara moya na bale. Mama, na mi pia niko na shingo."

Angenitukana ningejua la kusema.

23 Mei

Mvua. Hawakutoka pamoja.

24 Mei

Hawakutoka pamoja.

28 Mei

Nilinunua sigara mwenyewe, mimi mtu mzima wa kanisa, nikaificha kwenye kanga mpaka hapa. Nikawapa Vital na Fiacre moja, nikasema ni zawadi ya kazi ya wiki. Vital akaikata katikati kwa mkasi wa vitambaa, akampa Fiacre nusu yake. Hawakutoka pamoja.

6 Juni

Mwenye nyumba amemtoa Fiacre. Alimwambia bila ubaya, "Baba, bati yangu itaungua juu yako." Sasa Fiacre analala hapa atelier, juu ya mito ya mteja. Mke wake na watoto walikwenda Kpandroma mapema, kabla barabara haijakatwa, na hiyo ndiyo bahati yake pekee. Yeye mwenyewe hawezi kufika huko. Kati ya hapa na huko kuna barieri za watu wa Vital, na kila barieri inauliza jina la baba.

Nimepata wazo la lori. Vahwere, shemeji yangu, anapeleka mizigo Butembo kwa njia ya Komanda. Akifika, atamchukua Fiacre kama konvoyer wake, utingo wa lori. Nimemwambia Lucien kwa foni. Kwenye foni mji mzima unasikiliza, basi nikasema: "Kuna kiti kimoja cha Kpandroma, kibebe kwa uangalifu." Lucien akasema, "Nimeelewa. Kisikae juani."

14 Juni

Lori la Vahwere limekwama kwenye matope. Hakuna anayejua ni wapi.

19 Juni

Nilimkataza Fiacre kukaa kwenye benchi. Amekataa, mara ya kwanza tangu nimjue.

"Mama, nikijificha, batasema kumbe iko na kitu cha kujificha. Kesho batakuja kutafuta. Wacha banione tu."

Kwa hiyo kila saa nne anatoka, anakaa, anawasha, anakohoa. Mimi nakaa ndani nikihesabu misumari ambayo nilikwisha kuihesabu. Joséphine naye hupunguza mwendo wa mashini, asikilize.

30 Juni

Mvua inapungua. Zamani ningefurahi. Sasa nafikiri, barabara zikikauka kila mtu ataweza kutembea, hata wale tusiowataka. Lori bado.

4 Julai

Lori bado.

11 Julai

Nitaandika yote yalivyokuwa.

Saa nne Fiacre alikuwa nje. Nilisikia viatu vingi vya plastiki vikipiga matope, nikajua kabla sijaona. Vijana wa barieri, kundi zima, mapanga, na mmoja na bunduki mgongoni. Mkubwa wao ni mtoto wa Immaculée, mama anayeimba korali na sisi. Nimemwona mtoto huyo akibatizwa.

Akasimama mbele ya benchi. "Huyu ni mutu ya nani?"

Mtoto wa Immaculée akaita kuelekea mlangoni, "Kaka Vital! Toka! Huyu ni mutu yako ao si mutu yako?"

Vital akatoka na kole vidoleni. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Ningeweza kutoka, miguu haikutaka, na sitaipamba habari hiyo.

Ndipo Fiacre akafanya jambo ambalo bado naliona. Alitoa sigara kinywani, akamnyooshea Vital. Mkono wake mkubwa ulikuwa hewani na sigara inatoa moshi, na watu wote wakauangalia ule mkono.

Vital naye aliuangalia. Kisha akaingiza mikono mifukoni na kole yake yote.

"Mi niliacha sigara," akasema.

Mmoja wa vijana akahamisha panga kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia. Nikasikia mashini ikinyamaza nyuma yangu. Joséphine akanipita, akanisukuma kwa bega kama mlango mwingine, nyuzi nyekundu zimemganda kwenye gauni. Akafika kwenye benchi, akakaa kwa kishindo kando ya Fiacre.

"We Fiacre, leo unataka kuimaliza peke yako? Leta, ni zamu yangu."

Akaichukua sigara kutoka ule mkono, akaitia kinywani, akavuta. Alikohoa mpaka machozi yakashuka. Akavuta tena. Akamrudishia Fiacre, na Fiacre akaiweka kinywani pale pale mate ya Joséphine yalipokuwa, akavuta.

Kisha mtoto wa Immaculée akasema, sauti yake imekuwa ya kitoto kabisa, "Mama Mushemasi! Weye pia unavutaka?"

"Na mwaka huu nani havute? Mama yako anajua uko hapa na hiyo panga, ao nikamuambie mu repetisyo ya korali?"

Mmoja akacheka. Kicheko kikawaambukiza wote, wakawa wanashikana mabega, Mama Mushemasi anavuta, Mama Mushemasi! Mtoto wa Immaculée alikuwa wa mwisho kucheka. Akamnyooshea Joséphine kidole.

"Basi ni mutu yako. Tukiwa na swali juu yake, tutakuuliza weye."

"Muniulize."

Wakaondoka wakicheka mpaka barieri. Joséphine akaenda nyuma ya choo akatapika. Nilimpelekea maji. Nilitaka kumshika mkono, akaniambia, "Mama, wacha, ninanuka."

Vital alikuwa ameketi chini katikati ya vipande vya sponji. Alilia bila kujificha. "Mama, moyo ilikubali. Mukono njo ilikatala." Ninamwamini. Sijui kama kumwamini kunamsaidia Fiacre, wala kama kunanisaidia mimi, maana mguu wangu nao ulikataa.

13 Julai

Mtaa mzima unajua kwamba mke wa shemasi anavuta sigara. Watoto wanamwigiza njiani, wanakohoa na kucheka. Anapita kati yao na mkoba wake.

Kila saa nne sasa anatoka na Fiacre. Anasema akiacha watajua ilikuwa ya siku moja. Ananuka moshi, na vitambaa vinanuka, na hakuna anayelalamika.

16 Julai

Bruno alikuja atelier. Mtu mpole, kofia mkononi. Akaniuliza, "Mama Kahindo, ni kweli?" Joséphine alikuwa nyuma yangu, akatikisa kichwa kunikataza. Hajamwambia hata mume wake. Aliniambia baadaye kwamba Bruno hajui kusema uongo, wazee wakimwuliza atafunguka kama mlango. Nikamjibu Bruno kwamba mambo ya poze si yangu tena. Akaenda zake. Nilijiona mchafu.

Wazee wa kanisa wamemwita Joséphine mbele ya ushirika, Jumapili.

18 Julai

Habari za lori: limevuka Komanda. Lolote linaweza kutokea kati ya leo na kufika kwake. Nimemwomba Mungu kwa maneno ya hasira, anisamehe.

21 Julai, Jumapili

Kanisa lilijaa kama Pasaka. Watu hawakosi kuja kutazama aibu ya mwenzao.

Baada ya wimbo wa tatu Joséphine aliitwa mbele. Alivaa kitenge chake cha bluu cha umoja wa mama, ambao yeye ndiye kiongozi wake. Immaculée alikuwa katika korali, na mtoto wake alisimama dirishani na wenzake wawili, wamekuja kutazama. Fiacre alikuwa atelier, mlango nimeufunga mwenyewe.

Mchungaji si mtu mbaya. Aliuliza kwa upole, "Mama Joséphine, tunasikia unavuta tumbako. Ni kweli?"

"Ni kweli, Pasta."

Watu wakaguna. Bruno alikuwa kwenye kiti cha mashemasi, mbele ya wote.

"Labda ilikuwa siku moja tu? Labda kulikuwa na sababu? Shetani anavizia hata wenye nguvu. Ukisema, kanisa litasikia."

Alimfungulia mlango mpana kabisa. Angesema ilikuwa siku moja, ilikuwa kuokoa mtu, mchungaji angelia, kanisa lingepiga makofi. Na pale dirishani wangeelewa kwamba walichezewa. Kabla ya chakula cha mchana wangekuwa mlangoni kwangu. Nilikuwa nimekwisha kusimama nusu. Nilitaka kupiga kelele kwamba huyu mwanamke ni bora kuliko sisi wote tulioketi humu. Joséphine akaniangalia kwa jicho lile lile alilonitazama nalo siku ya kuuliza poze yake, nikakaa.

"Hapana, Pasta. Si siku moya."

"Tangu lini, basi?"

Nilimwona akivuta pumzi. Mwanamke huyu aliwahi kurudi sokoni kwa miguu kulipa pesa ambazo muuza chumvi alikosea kwa faida yake.

"Tangu zamani," akasema, kwa sauti iliyofika dirishani. "Navutaka na Fiacre ku kazi. Njo ananipaka, na mi namupaka. Ni ndugu yangu."

Bruno akafunika uso. Wakamtenga na meza ya Bwana mpaka mwisho wa mwaka, na umoja wa mama wamempa mwingine. Joséphine alichukua mkoba wake, akapita katikati ya kanisa lote, akakaa benchi ya nyuma kabisa karibu na mlango, akafungua kitabu cha nyimbo. Tulipoimba, sauti yake ilisikika kama kawaida, juu kidogo ya wengine. Mimi sikuweza kuimba.

23 Julai

Lori limefika asubuhi, matope mpaka kwenye vioo. Vahwere amezeeka. Tumepakia viti mchana mweupe, Fiacre akipakia kama konvoyer, koti la Vahwere mabegani. Vital alileta kamba bila kuombwa, akafunga mzigo wote, fundo baada ya fundo. Alipomaliza alisimama mbele ya Fiacre. Fiacre akamshika bega. Ndivyo walivyoagana.

Joséphine alipanda juu ya viti, akaketi na Fiacre mpaka barieri ya pembeni. Mtoto wa Immaculée akawafungulia kamba. "Mutu ya Mama Mushemasi," akasema, "pita." Joséphine akashuka, akarudi kwa miguu. Kutoka hapo mpaka Komanda barieri nyingine hazimjui Joséphine.

26 Julai

Foni kimya.

27 Julai

Foni kimya. Fundi wa foni anasema ni betri.

29 Julai

Foni kimya. Vital ananiuliza kila asubuhi kwa macho. Mjini watu wanafunga madirisha mapema. Milio upande wa uwanja wa ndege.

1 Agosti

Lucien! Sauti yake ilikuwa inakwenda na kurudi, lakini nilisikia: viti vyote vimefika, na kile cha Kpandroma kimefika kizima, kina mkwaruzo mdogo usoni, kinakula vizuri. Mwenye foni alishangaa kiti kinachokula. Nilicheka na kulia kwa pamoja, nikakimbia atelier bila kukunja mwavuli.

Vital alikaa chini palepale alipokuwa. Joséphine alifumba macho, akasema "Asante Yesu" mara moja tu, akasimama kuchukua uzi mwingine.

3 Agosti

Leo nilimngoja Joséphine amalize mto aliokuwa akiushona, nikamwambia lile ambalo nimelibeba tangu kanisani.

"Sasa Fiacre amefika. Twende kwa mchungaji, mimi na wewe. Nitaeleza yote. Watakurudishia meza ya Bwana, na umoja wa mama, na Bruno atainua uso wake. Umekwisha kulipa, Joséphine. Sema ukweli, upumzike."

Aliukata uzi kwa meno. Nje, mbali, kulikuwa na mlio, kisha mwingine, na wote wawili tulisubiri kama kutakuwa na wa tatu.

"Mama, Fiacre si wa mwisho. Kesho batamuleta mungine hapa, ao atakuja ye mwenyewe, na bale ba barieri bataniuliza, huyu ni mutu ya nani." Akaupiga mto vumbi, akauweka juu ya mingine. "Wacha bajue mi navutaka."